Tone la Maji juu ya Kucha ya Simone

Mambo ya kucha yaliingia katika nyumba ya Germaine kwa njia ya nyundo.

Mume wake Godefroid alikuwa fundi wa reli, mtu wa Kongolo, na siku chache kabla ya Pasaka ya mwaka hamsini na tano alijigonga kidole gumba akiwa kazini. Damu ikajikusanya chini ya kucha, ikawa doa jeusi la ukubwa wa haragwe. Godefroid alinung'unika juma moja, kisha akasahau. Germaine hakusahau. Mvua ikinyesha alihesabu watoto wake, jua likiwaka alihesabu watoto wake, na wote walikuwa wamekwisha kuoa na kuolewa. Kitu kidogo kikibadilika katika mwili wa mtu wake, hakutulia mpaka ajue kinakwenda wapi.

Na doa lile lilikuwa linakwenda, hilo ndilo lililomshangaza. Jumapili ya Pasaka lilikuwa chini kabisa, pale kucha inapotokea kwenye ngozi. Kufika Pentekoste lilikuwa limesogea mbele, na nyuma yake kucha safi imejitokeza. Germaine akaenda jikoni akachukua punje ya mchele, akailaza pale penye usafi. Ilienea karibu yote.

"Baba Simone, hii kitu inatembea."

"Acha itembee," Godefroid akasema bila kufumbua macho, maana alikuwa amejinyoosha baada ya kula bukari, ule ugali wa mchana. "Mimi nimepumzika."

Kesho yake Germaine alikwenda dispanseri ya kambi ya reli, walikokaa. Liévin, enfirmie, yaani muuguzi wa pale, alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka limesimama lenyewe, na alizoea akina mama kumletea vidonda, kikohozi na matumbo. Mtu aliyekuja kuuliza kwa sababu anataka kujua tu, huyo hakuwa amempata bado.

"Kucha inaota toka ku muzizi wake, ndani ya ngozi," akamwambia. "Ile unayoona inje iko kitu imekufa zamani, kama nywele. Ile mupya inaisukuma. Kucha ya mukono inamaliza miezi sita hivi mbele ya kutoka yote."

"Basi doa ya baba Simone itafika ku mwisho, akate na wembe?"

"Atakata na wembe. Lakini sikia, mama. Doa kama haitembei, inabakia fasi moja, ao inakuwa mustari mweusi moja tu, mupya, wenye kupanuka na kuingia mpaka mu ngozi, hapo usingoje. Uje mbio."

"Baba Simone iko na mistari tangu ujana. Vidole mingi."

"Ile ya vidole mingi, ya tangu ujana, iko kawaida kwa siye bantu beusi. Ile moja mupya njo ya kuogopa."

Tangu siku ile Germaine hakuona tena uso wa mtu kwanza. Aliona vidole. Kwenye robine ya kambi, pale wanawake wanapochota maji, alishika mkono wa jirani yake Jeanne, ambaye alifua nguo za Wazungu toka asubuhi hadi saa kumi. Ngozi ya kuzunguka kucha zake ilikuwa imevimba, ile ngozi nyembamba ya chini imetoweka, na ukibonyeza anaruka. Germaine akapeleka habari kwa Liévin, akarudi na jibu: ni maji na sabuni ya kila siku, pamoja na tabia ya Jeanne ya kuisukuma ile ngozi nyuma kwa kijiti ili kucha ionekane ndefu. Ile ngozi ni kama mlango. Ukiuvunja, uchafu unaingia. Akaushe mikono, aache kijiti, na usaha ukionekana aje.

Mtoto wa Jeanne naye alikuwa na mfereji mdogo uliokata kila kucha kwa ubavu, vidole vyote kumi, umbali mmoja toka mzizi. Jeanne aliogopa amerogwa. Liévin akauliza neno moja tu: mtoto aliugua lini. Surua, mwezi wa tatu. Basi, kucha ilisimama kuota siku zile za homa, ikaanza tena, na pale iliposimama pakabaki alama. Germaine alipima kwa punje zake za mchele, akahesabu nyuma, akaangukia mwezi wa tatu kweli. Alifurahi siku nzima kama mtu aliyejifunza kusoma upya.

Akapewa jina. Walimwita Mama Kucha, na watoto wakimwona walificha mikono mgongoni. Liévin mwenyewe akimwona tu mlangoni alisema, "Leo unaniletea ya nani?" Siku nyingine Germaine alileta ya kwake mwenyewe, iliyokuwa na mistari midogo iliyosimama toka chini hadi juu, kama kitambaa cha kodurai.

"Hiyo iko uzee, mama."

Germaine hakurudi dispanseri juma zima.

Sasa ninyi akina mama wenye mabinti, hapa someni polepole, maana mpaka hapa ilikuwa mchezo.

Binti mkubwa wa Germaine, Simone, aliolewa na Laurent, karani wa posta, mtu wa Kasai, wakakaa Katuba, katika nyumba ya matofali waliyojijengea. Mwaka uliotangulia Simone alipoteza mimba ya miezi mitano, akatoka damu nyingi, akalala hospitali siku kumi. Mwaka huu alikuwa na mimba nyingine. Ilikuwa imefika miezi saba, na Germaine alikuwa akiihesabu kwa siku. Kila Jumapili baada ya misa Simone alikuja kambini kula kwa wazazi wake, na Laurent alibaki nyumbani, kwa sababu mkwe na mama-mkwe hawakai chini ya paa moja. Hata njiani, Germaine akimwona Laurent anakuja, alishuka pembeni na kugeuza uso, na Laurent alivua kofia na kutazama upande mwingine mpaka wapishane. Hivyo ndivyo heshima ilivyokwenda kwao wote wawili, na hakuna aliyeiona kuwa mzigo.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, vumbi la kiangazi limejaa hewani, Simone alifika akasimama kwanza kwenye mwingilio wa lupango, kile kiwanja cha nyumba, ameshika mti wa ua, anahema.

"Iko tumbo," akasema. "Mutoto anasukuma pumzi."

Kucha zake zilikuwa nyekundu. Ilikuwa verni, rangi ile ya kupaka ambayo Laurent alimnunulia katika duka la Mgiriki, mjini, ili bibi wa karani aonekane bibi wa karani. Kwenye gumba la kulia rangi ilikuwa imebanduka. Godefroid akashika birika, akawamwagia maji ya kunawa, kwanza Germaine, kisha Simone. Simone akataka kujipangusa.

"Ngoja," Germaine akasema. "Usipanguse."

"Nini, mama?"

"Angalia ile maji."

Juu ya kucha ya gumba lililobanduka palikuwa na tone la maji, limetulia. Simone akainamisha mkono kidogo. Tone halikumwagika. Kucha ilikuwa imeingia ndani katikati na kuinuka pembeni, kama kijiko kidogo cha dawa. Germaine akatia tone juu ya kucha yake mwenyewe, likateleza mara moja. Wakajaribu kwa Godefroid, likateleza. Wakajaribu vidole vyote vya Simone kimoja kimoja, vichwa vitatu vimeinama juu ya mkono mmoja, na bukari ikapoa mezani. Vidole sita vilishika maji.

"Muzuri," Godefroid akasema. "Kiu ikikukamata mu njia ya Katuba, uko na maji yako."

Simone alicheka mpaka akashika mbavu. Germaine naye alicheka, lakini jicho lake halikuondoka.

"Iko hii verni. Inakula kucha."

"Laurent anasema iko ya Paris, mama."

"Hata ya Paris inakula. Na masere wa materniti, mwenye kukupima tumbo, anasema nini?"

"Anasema mutoto anakomaa. Kucha hakuangalia, si iko na rangi."

Walikula. Na Simone alipojiandaa kuondoka, Germaine alifanya kile alichofanya kila Jumapili. Alitia kopo la maziwa chini ya kikapu, akalifunika na sombe, majani ya muhogo.

Ndani ya kopo mlikuwa na udongo. Germaine alikuwa na shamba Kasungami, na kando ya shamba palikuwa na kichuguu kirefu kuliko nyumba, kama vile vichuguu vya huku kwetu vilivyo. Aliuchimba udongo wa ndani, ule laini usio na mawe, akauponda, akaukausha juu ya bati. Mama yake aliula katika kila mimba, naye aliula katika kila mimba, na mabinti wanaopata mimba wanaletewa na mama zao, kama vile wanavyoletewa kuni na unga. Laurent alikuwa amekataza udongo nyumbani mwake. Alisema ni mambo ya washenzi. Germaine aliona kuwa mwanamume, hata akiwa karani, hajui tumbo linataka nini, ndiyo maana kopo lilikaa chini na majani yakakaa juu. Simone aliinua majani kidogo akanusa. Ulinukia mvua ya kwanza. Akafumba macho.

Jumatatu asubuhi Germaine alikwenda dispanseri karibu anakimbia, kwa furaha ya mtu anayepeleka kitu ambacho mwenzake hajakiona.

"Leo unaniletea ya nani?" Liévin akasema, anaandika.

"Leo nakuletea ya kijiko. Inashika maji."

Kalamu ya Liévin ilisimama.

"Inashika kabisa? Unageuza mukono, haimwangike?"

"Haimwangike. Vidole sita. Iko Simone wangu. Nilimwambia iko verni."

"Verni inakausha kucha, inaigeuza manjano, inaibandua. Haichimbi shimo." Akaweka kalamu chini. Hakucheka, na hilo Germaine aliliona kabla ya yote. "Ile kucha iko ya mutu mwenye kukosa chuma mu damu."

"Chuma? Kama ya reli?"

"Ile ile. Lakini kidogo sana, kama vumbi, njo yenye kufanya damu kuwa nyekundu. Mwenye kuikosa anachoka, anahema, anakuwa mweupe ndani ya macho. Kucha inakosa nguvu, inalegea, inabonyea katikati. Anahema?"

Germaine akakumbuka mti wa ua. "Anasema iko mutoto."

"Atazaa lini?"

"Mwezi wa kumi."

Liévin akahesabu miezi kwa vidole. "Mama Simone, mwanamuke akizaa, damu inamwangika. Kwa kila mwanamuke. Mwenye kuwa na nyingi, inabakia ya kumutosha. Simone, ile ya mwaka uliopita haijarudi yote." Akachukua kalamu tena. "Mulete kesho. Verni itoke mbele ya kufika. Na bwana yake akuye, sababu miye nitauliza maneno ya chakula."

Siku ya pili Simone na Laurent walikuja toka Katuba, Laurent na suti yake ya kazini na ruhusa ya saa mbili. Germaine alifika mbele yao, lakini hakuingia. Alikaa nje kwenye benchi la veranda, chini ya dirisha, mgongo ukutani, kikapu miguuni. Ndani ya kikapu alikuwa na sombe, na chini ya sombe kopo jingine, la kumfariji binti yake baada ya sindano. Dirisha lilikuwa wazi. Alisikia kila kitu, na kile asichokiona alikiona kwa masikio.

Alisikia Liévin anasema, "Fungula macho, angalia juu," kisha, "Mweupe." Alisikia Simone anavuta pumzi alipochomwa kidole. Liévin alikuwa na karatasi nyeupe ya kunyonya, na kadi yenye rangi nyekundu kumi, toka ile hafifu kama maji ya nyanya hadi ile nzito. Tone la damu likitua juu ya karatasi, linalinganishwa na kadi.

"Damu ya mutu muzima inafika hapa juu," Liévin akasema. "Ya madame iko hapa. Arobaini, ku mia moja."

"Arobaini," Laurent akarudia. Sauti yake ilikuwa ya karani anayesoma barua asiyoielewa. "Na mutoto?"

"Mutoto anajitwalia yake mbele. Mama njo anabakia bila. Sasa nijibu, madame. Nyama unakula?"

"Jumapili."

"Chai?"

"Asubuhi, na kisha kila chakula."

"Chai uiache mbali na chakula, inazuia chuma kuingia. Unatembea bila viatu mu shamba?"

"Mara moja moja."

"Minyoo inapita mu nyayo, inaenda kunyonya damu mu tumbo. Nitakupa dawa yake. Na udongo, unakula?"

Germaine aligeuza kichwa. Hakuwahi kufikiri kuwa udongo ulikuwa neno la kuulizwa na munganga. Ulikuwa kitu cha mama na binti, kama kusuka nywele.

"Hapana," Simone akasema.

"Ya kichuguu? Hata kidogo?"

"Hapana."

"Mu nyumba yangu ile kitu haiingie," Laurent akasema. "Nilikataza."

"Basi muzuri. Sababu udongo mu tumbo unakamata chuma, unatoka nayo. Akikula vidonge yangu na udongo pamoja, tutakuwa tunalisha choo tu, siku ya kuzaa itafika na kadi iko tu pale pale. Kama hakuna udongo, tujaribu vidonge."

Kiti kilikwaruza sakafu. Walikuwa wanasimama.

Germaine alishika kopo ndani ya kikapu. Angeweza kungoja, amwite Simone pembeni, amwambie binti yangu, tupa. Lakini Simone alikuwa amedanganya mara mbili mbele ya munganga, na harufu ile ya mvua ya kwanza ilikuwa inamngoja Katuba chini ya kitanda, katika makopo ambayo Germaine mwenyewe aliyajaza. Mwenye kudanganya mbele ya munganga atadanganya na mbele ya mama yake. Angeweza kumwita Liévin nje. Akakohoa. Liévin akasema, "Ngoja, mama, namaliza." Na Laurent alikuwa amekwisha kuchukua kofia.

Akajifunika kichwa na kitenge hadi kidevuni. Kisha akageuka, akaingia katika chumba kile kinyumenyume, uso wake ukitazama uani alikotoka, anapapasa njia kwa kisigino, mpaka makalio yake yakagusa meza ya Liévin. Nyuma yake alisikia Laurent anashtuka na kugeukia ukuta. Watu waliokuwa kwenye foleni ya veranda waligeuka kutazama. Germaine akanyoosha mkono nyuma, akaweka kopo juu ya meza, karibu na kadi ya rangi kumi.

"Ndugu Liévin," akasema akiwaambia watu wa foleni, maana ndio aliowatazama, "mwambie yule mutu mwenye kuwa hapa, udongo uko. Iko wangu. Nauchimba Kasungami. Bibi yake hakuutafuta, nilimuletea mimi, kila Jumapili, nafunika na sombe ili yeye asione."

Liévin alifungua kopo, akalifunga tena.

"Munganga," Laurent akasema ukutani, "muulize mama, tangu lini."

"Mwambie, tangu mimba ya kwanza."

"Muulize mama..." Laurent akakatika. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ile mimba ya kwanza. Ilitoka sababu ya hii?"

Germaine alishika ukingo wa meza. Hilo ndilo swali alilokuwa nalo tangu akiwa kwenye benchi.

"Ile siwezi kujua," Liévin akasema. "Na hakuna mwenye atajua. Mimba inaweza kutoka kwa mambo mingi. Usiulize tena, Laurent, wala weye, mama. Tuko na hii moja."

Hapo Simone akaanza kulia. Alisema alijaribu kuacha, alishindwa, hata katika misa anafikiri harufu ile tu, anatamani kulamba ukuta wa kanisa. Alidhani ana wazimu.

"Haina wazimu," Liévin akamwambia. "Damu ikipunguka, hamu ya udongo inakuja. Udongo ukiingia, damu inapunguka tena. Inazunguka vile. Tukijaza damu, hamu itaenda yenyewe, utaona. Kisha kesho dokta atakuangalia, nitamwandikia." Kisha, kwa sauti nyingine, "Mama Simone, sasa unaweza kutoka. Tembea mbele, sasa, usituangukie."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, akajizuia.

Kwa kuvunja heshima ya mkwe Germaine alilipa kuku jike, mweupe, aliyepelekwa Katuba na Godefroid. Laurent alimpokea kwa mikono miwili. Akamchinja siku ile ile, na maini yote akala Simone. Habari hiyo Germaine alipoisikia aliketi chini, akapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Dokta alimwona Simone, akamwongezea dawa. Vidonge vilimfanya aende choo cheusi, na kama Liévin asingewaambia mapema, Germaine angeamsha kambi nzima. Alitafuta maini sokoni, alipika sombe na samaki wadogo, akakamua machungwa, akaacha vyombo kwa jirani wa Simone wakati Laurent yumo nyumbani. Kila juma mbili kadi ilitolewa. Hamsini. Sitini kasoro. Verni ilikaa kabatini, kucha zikabaki wazi, na Jumapili Germaine alileta punje yake ya mchele. Chini, kwenye mzizi, kucha mpya ilikuwa inatoka imenyooka. Mbele yake kile kijiko cha zamani kilikuwa kinasukumwa taratibu, kama doa la Godefroid lilivyosukumwa. Mwezi wa tisa ukiisha, tone la maji lilikuwa linakaa nusu ya mbele tu. Na siku moja Simone alisema, kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau sokoni, kwamba alipita karibu na kichuguu na hakutamani kitu.

Alizaa mwezi wa kumi, katika joto lile linalotangulia mvua, saa nne ya asubuhi. Germaine alingoja upande mmoja wa uwanja wa hospitali na Laurent upande wa pili, na uwanja mzima kati yao, na wote wawili wanatazama mlango mmoja. Mkunga, Adolphine, alitoka akasimama katikati, hakujua aende kwa nani, akaamua kusema kwa nguvu wasikie wote.

"Iko binti. Mama alitoka damu, haikuwa kidogo." Akapangusa mikono yake. "Yenye kubakia ilimutosha."

Laurent alivaa kofia, akaivua, akaivaa. Germaine alitaka kuvuka uwanja, akakumbuka, akabaki kwake.

Siku ya nane mtoto alipoletwa kambini, Germaine alimfungua vitambaa amtazame mwili mzima. Masikio, sawa. Kitovu, sawa. Vidole vya mkono, kucha laini kama ganda la kitunguu. Akashuka miguuni. Kucha za magumba zilikuwa zimeingia ndani katikati na kuinuka pembeni.

Alichovya kidole chake katika kikombe, akaangusha tone. Tone likakaa.

Hakumwambia Simone. Alimfunga mtoto kifuani, akatoka na kikombe mkononi, akavuka kambi jua likiwa utosini, akaingia dispanseri akipita foleni nzima.

"Leo ya nani?" Liévin akauliza, kisha akaona uso wake, akainuka. Akashika mguu ule mdogo kati ya vidole viwili, akautazama, akaona na kikombe. Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Batoto bachanga mingi banazaliwa vile, mama. Kucha ya mguu iko nyembamba, bado kukaza. Itanyooka yenyewe, mwaka moja, mbili, tatu. Macho yake ya ndani iko nyekundu, ananyonya, analia. Hana kitu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Sasa tutajua namna gani kama inanyooka?"

Liévin akatazama foleni, akatazama kikombe, akakubali kushindwa. "Basi pima. Jumapili kwa Jumapili."

Germaine akachovya kidole, aanze hapo hapo ili awe na la kulinganisha. Akalenga vizuri, akaangusha tone juu ya gumba. Mtoto akarusha mguu, na maji yote yakamrukia bibi yake usoni.